Shangazi, nimeanza kuishi ndani ya koti la kaka yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 24, mzaliwa wa Malindi, ila kwa sasa naishi Nairobi, mtaa wa Umoja, pamoja na kaka yangu. Kazi yangu ni ushonaji. Nimekodi kona ya kibanda katikati ya jiji, karibu na River Road. Tuko mafundi watatu, kila mmoja na cherehani yake. Sina bango wala pesa za matangazo. Tangazo langu ni nguo ninayovaa. Mtu anaiona njiani, ananisimamisha, ananiuliza nimeshonewa wapi, nami namwambia twende nikuoneshe. Wateja wangu wazuri nimewapata hivyo, tena wengi ndani ya matatu.

Wiki sita zilizopita nilivaa gauni la kitenge cha njano, lenye mikono ya puto, linaishia juu kidogo ya goti. Nililishona kwa usiku mbili. Pindo nililipiga kwa mkono kwa sababu sikutaka uzi uonekane kwa nje. Jioni, mwendo wa saa moja, nikaenda stejini. Foleni hakuna, magari machache, wapiga debe wamejiegemeza kwenye matatu wakitafuna miraa. Mmoja akanipigia mluzi, nikanyamaza. Mwingine akauliza kwa sauti kubwa kama nusu ya nguo nimeisahau nyumbani. Wakacheka. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya gari, na hapo nikahisi mkono umenishika gauni kwa nyuma. Shangazi, kabla sijaelewa kinachotendeka nilisikia pindo likiachia, uzi mmoja mmoja, tk, tk, tk. Mimi ni fundi, sauti hiyo naijua. Niliushika upindo kwa mikono miwili, mkoba ukaanguka. Walikuwa kama watano. Abiria waliokuwa wameketi ndani walikuwa wakitazama tu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayeuza sukumawiki pale pembeni. Alikuja akipiga kelele, akamsukuma yule kijana, akaifungua leso aliyojifunga juu ya rinda lake akanizungushia kiunoni na kupiga fundo la nguvu hadi likaniuma. Akanipandisha gari jingine. Akaniambia, "Nenda nyumbani mwanangu, usilie hapa." Nilipofika nyumbani ndipo niliposoma maandishi ya ile leso: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Sikwenda polisi. Nilijua swali la kwanza litakuwa nilivaa nini.

Asubuhi yake nilikuta kaka ametundika koti lake kwenye mlango wa chumba changu. Hakusema neno. Ni koti jeusi la mvua, linanifika chini ya magoti. Tangu siku hiyo natoka nalo na narudi nalo, hata saa saba mchana silivui kibandani. Nywele zangu nilikuwa nimezipaka rangi ya shaba, nimezirudisha nyeusi. Stejini nasimama nyuma ya watu. Sijajishonea nguo hata moja. Nashona za wateja tu, na wateja wapya hawaji, maana ni nani atamsimamisha mtu aliyevaa koti la mvua amuulize fundi wake? Lile gauni liko chini ya kitanda ndani ya mfuko. Kila nikilitoa nilipige pindo upya, mikono inatetemeka, nalirudisha.

Mama amenipigia simu kutoka Malindi: "Mji si wako huo, jifunike mwanangu, tusije tukaletewa maiti." Rafiki yangu tunayeshona naye anasema nikijifunika nitakuwa nimewapa ushindi, niende stejini kesho na gauni fupi zaidi. Nikimsikiliza mama najiona mwoga. Nikimsikiliza rafiki nashikwa na kichefuchefu cha hofu. Nataka niwe mimi, na pia nataka nifike nyumbani. Nifanyeje?

Fundi wa Njano, Umoja

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama pale kwenye ule uzi.

Kabla ya mengine, toa kichwani swali la nguo ilikuwa fupi kiasi gani. Utepe wako wa kupimia hauna namba ambayo wale vijana wangeikubali. Lilongwe, Malawi, mwezi Januari 2012, wachuuzi waliwavamia wanawake barabarani na kuwavua nguo, na kosa lao lilikuwa kuvaa suruali. Suruali, mwanangu, vazi linalofunika mpaka kwenye kifundo cha mguu! Dar es Salaam mwaka 1968, vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, walipotangaza vita dhidi ya sketi fupi, orodha yao ilikuwa na mawigi pia, na suruali za kubana, na mafuta ya kujichubua, na kule Kariakoo wanawake walishambuliwa kwenye vituo vya mabasi. Leo ni goti, kesho ni kichwa. Wanaotafuta wa kumshika hupata sababu. Ungekuwa umevaa dera wangesema unaringa.

Sasa mama yako na rafiki yako. Wote wawili wanakupenda, na wote wawili wamekuchagulia bila kukuuliza. Ninachotaka kukuambia ni kwamba kujifunika si woga, na kujifunua si ushujaa. Cha kutazama ni nani aliyeamua. Sisi watu wa Mwambao tunalijua hilo zamani, ingawa tumelisahau. Enzi za utumwa mtumwa wa kike alivaa kaniki, kile kitambaa cheusi cha bei ya chini, na hakuwa na ruhusa ya kujistiri kama bibi yake. Utumwa ulipopigwa marufuku, Zanzibar mwaka 1897 na pwani yetu ya Kenya mwaka 1907, wanawake wale waliziacha kaniki. Walinunua kanga za rangi, na baadaye wakavaa na buibui. Walijifunika kwa sababu sasa waliweza. Kwao lile vazi la kujistiri lilikuwa ndilo la kujionesha, maana lilisema: mimi ni mtu, najiamulia. Nguo ileile ingeshurutishwa na mtu mwingine ingekuwa kaniki mpya.

Mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa. Siku ya harusi wanawake tulipita njiani weusi tii kwa mabuibui, huwezi kumjua nani ni nani. Tukifika mlango wa nyumba ya bibi harusi, buibui linavuliwa na kurushwa kitandani, rundo mpaka kiunoni, na ndani yake ndipo zilipokuwa nguo. Hariri, shanga, migongo wazi, rangi ambazo hata duka la Mhindi hukuziona. Usiku tukiondoka kila mmoja alilitambua lake kwa harufu ya udi. Sikumbuki kama kuna aliyejiona mwoga kwa kuvaa buibui njiani. Ilikuwa ni njia tu, na njia ina vazi lake. Sisemi ilikuwa pepo. Wapo waliolazimishwa, na wengine hawakuwahi kuuona mlango wa kulivulia. Lakini waliojichagulia walikuwa na akili ambayo nakuombea wewe leo.

Shida yangu na koti la kaka yako basi si kwamba limekufunika. Shida ni kwamba si lako, halina mlango, na hulivui. Kaka yako alifanya jambo la upendo, mwambie asante. Kisha mrudishie koti lake kabla mvua za masika hazijamkuta.

Ujishonee lako. Hili ndilo ninalotaka ulifanye kabla ya yote, na naliandika kwa urefu kwa sababu naongea na fundi. Chukua kitambaa chepesi, pamba au kitani, rangi ya vumbi au ya kijivu ambayo jicho linaipita. Likate pana, lishuke chini ya goti, lakini upana wa kukuwezesha kupanda ngazi ya matatu bila kulipandisha kwa mkono. Mshipi usiweke, wala kitu chochote kinachoning'inia ambacho mtu anaweza kukishika. Vifungo viwe vya kubana, vya kufunguka kwa mvuto mmoja, ili mtu akilivuta libaki mkononi mwake nawe uwe umeshakwenda. Mifuko miwili ya ndani, mmoja wa simu, mmoja wa nauli, usiwe unafungua mkoba stejini. Na bitana, mwanangu, bitana iwe kitenge cha njano. Chote. Hakuna atakayeiona ila wewe ukiingiza mkono kwenye mkono wa koti asubuhi. Ukifika kibandani unalivua, unaligeuza ndani nje, unalitundika kwenye msumari mbele ya cherehani, na hapo wateja wataiona. Nina hakika kuna atakayekuuliza bei ya koti lile, kwa sababu Nairobi hii haina mwanamke asiyewahi kuingiza leso ya akiba kwenye mkoba "iwapo". Wengi watakuelewa kabla hujafungua mdomo.

Chini ya koti hilo vaa unachotaka. Gauni la goti, la juu ya goti, mikono ya puto mpaka masikioni. Nywele zipake rangi siku utakayojisikia, wala usizipake kwa kunitii mimi.

Lakini koti lisikudanganye. Nguo haijawahi kuwa kinga kamili, na ukiiamini mno utaacha kutazama mambo ambayo kweli yanakulinda. Yatazame haya. Saa moja jioni kwenye steji isiyo na foleni si saa yako wala steji yako, hata ukivaa gunia. Ziko Sacco, vyama vya ushirika vya matatu, ambazo abiria wake hupanga mstari na kuna msimamizi wa steji. Tembea dakika kumi zaidi uende huko. Tangu kanuni za mwaka 2004, utingo anatakiwa kuvaa sare ya rangi ya damu ya mzee na dereva sare ya bluu. Asiye na sare anayezungukazunguka mlangoni si mhudumu wako, na mahali walipojaa hao kuliko wenye sare, pitiliza. Usiingie gari tupu. Ukiingia, kaa karibu na wanawake au nyuma ya dereva. Kabla ya kupanda mtumie kaka yako namba ya gari, namba tu, asikuulize kitu. Na ukiona vicheko vimeanza kama vile vya siku ile, usingoje neno la pili. Ingia dukani. Nunua hata kibiriti. Kuondoka mapema ni haki yako na huna haja ya kuieleza kwa mtu.

Rafiki yako ana jambo moja la kweli: haya yasipokataliwa hayakomi. Amekosea mahali na idadi. Novemba 2014, baada ya video ya mwanamke aliyevuliwa nguo katikati ya jiji kusambaa, wanawake wa Nairobi waliandamana kwa mamia, mchana, wakisema vazi langu ni hiari yangu. Walikuwapo waliovaa fupi, walikuwapo wa hijabu, walikuwapo wa suti za ofisini. Hakuna aliyemwambia msichana mmoja aende peke yake usiku akathibitishe kitu. Ikija siku kama ile tena, nenda, na mwambie rafiki yako afunge kibanda aje ashike mkono wako. Lakini mwili wako usitumwe stejini kesho kama bendera ya mtu mwingine.

Na kelele zile hazikupotea hewani. Desemba mwaka huohuo wa 2014, sheria ilibadilishwa, Kanuni ya Adhabu ikaongezewa kifungu cha 251A: anayemvua mtu nguo kwa nguvu hufungwa muda usiopungua miaka 10. Mwaka 2017 mahakama ya Nairobi iliwapa wanaume watatu, wakiwemo wahudumu wa matatu, kifungo cha miaka 25 kwa kumvua nguo abiria kule Githurai, mbali na adhabu ya kumwibia. Kwa hiyo ukisema hukwenda polisi kwa sababu wangekuuliza ulivaa nini, nakuelewa, kwa kuwa wapo wanaouliza hivyo. Ila sheria haikuulizi. Hakuna mahali kifungu kile kinapotaja urefu wa sketi.

Wiki sita si nyingi. Bado unaweza kupiga ripoti, na hapa nakuomba kwa moyo wote: lile gauni usilishone. Najua mikono ya fundi haivumilii pindo lililoachia. Liache hivyo. Usilifue. Litoe kwenye huo mfuko, kama ni wa plastiki, litie kwenye bahasha kubwa au mfuko wa karatasi, uandike tarehe na saa kwa nje. Ile mikono yako iliyotetemeka imekuhifadhia ushahidi bila wewe kujua. Kisha piga 1195, laini ya taifa ya ukatili wa kijinsia, ya bure, usiku na mchana. Waeleze, wakuelekeze kituo chenye dawati la jinsia, wakuambie na mahali pa kupata msaada wa kisheria. Ukiandikisha taarifa, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Nenda na mtu. Ukikumbuka jina la Sacco ya lile gari uliloweka mguu, liandike leo, hata kama hukuiona namba. Kama kilichokupata kitahesabiwa ni kuvuliwa nguo, au ni jaribio, au ni shambulio la aibu, hilo waachie wao. Wewe peleka tu habari na gauni. Na ukiamua kutokwenda kabisa, mimi sitakuhukumu. Ila gauni lihifadhi. Unaweza kuamua mwezi ujao.

Mama yako mpigie Jumapili akiwa ametulia. Usibishane naye juu ya kujifunika, kwa sababu hazungumzii nguo. Anazungumzia maiti. Mweleze koti unalolishona, muulize rangi. Mama wa Malindi aliyemlea fundi atakuwa na la kusema kuhusu bitana, na mtakuwa mmeanza kuzungumza.

Nikuulize kitu. Katika barua yote umetaja watano waliocheka, na gari zima lililotazama, na mmoja aliyekuja. Hao wengine umewabeba wiki sita. Yule mmoja umemrudia? Hujasema. Leso yake bado iko kwako.

Wewe ni wa pwani, unajua leso huuzwa kwa doti, mbili pamoja, na mwenye nazo hazivai tena sawasawa moja ikipotea. Yule mama ana ya pili nyumbani kwake, ina maneno yaleyale, inangoja mwenzake. Aliitoa mwilini mwake mbele ya wanaume walewale, akabaki na rinda. Ifue, ipige pasi, ikunje. Jumamosi mchana, saa nne au saa tano, kukiwa na watu na wanunuzi, nenda na kaka yako mpaka pale anapouza sukumawiki. Koti likiwa tayari livae. Lisipokuwa tayari, vaa lolote. Mrudishie leso yake, umuulize jina lake, na umuulize kama angekubali kusema alichokiona siku ile. Kisha uniandikie tena uniambie alijibu nini.